Kipandauso (2): Ubongo unapoyatangulia maumivu

Juma lililopita tulieleza kipandauso ni ugonjwa gani. Leo tuutazame ubongo wenyewe, maana huanza kuvurugika kabla kichwa hakijauma.

Tuseme mama mmoja wa Muhumba, katika komini ya Ibanda mjini Bukavu, ametoka asubuhi. Jua linametameta juu ya Ziwa Kivu, macho yanamchoma. Kufika adhuhuri upande mmoja wa kichwa unamgonga, anatapika, anavuta mapazia na kujilaza gizani. Ukimuuliza chanzo atakwambia ni jua.

Huenda jua linasingiziwa.

Mwaka 2016, Laura Schulte na Arne May wa Hamburg, Ujerumani, walitangaza matokeo ya mgonjwa mmoja aliyepigwa picha za ubongo kila siku kwa siku 30. Akiwa ndani ya mashine alipulizwa amonia kidogo puani, ile hewa inayowasha mpaka machozi yatoke, ili neva ya hisia za uso iamshwe. Katika muda huo alishikwa na kipandauso mara tatu. Haipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo inayosimamia usingizi, njaa na kiu, ilionyesha mabadiliko ndani ya saa 24 kabla ya maumivu. Huenda ndiyo sababu wagonjwa wengi hupiga miayo, hukakamaa shingo au huchukia mwanga mapema. Mama wetu pengine alichomwa na jua kwa kuwa shambulio lilikuwa limekwisha kuanza.

Matarajio nayo yana nguvu. Huko Boston, Marekani, utafiti wa mwaka 2014 uliwapa wagonjwa 66 vidonge ndani ya bahasha. Nyingine ziliandikwa jina la dawa ilhali ndani hamna dawa, nyingine kinyume chake. Kidonge kitupu chenye jina la dawa kilipunguza maumivu karibu sawa na dawa halisi iliyoitwa kidonge kitupu. Hata hivyo, kwa kila aina ya maandishi, dawa halisi ilikishinda kidonge kitupu.

Basi mgonjwa hajitungii maumivu. Neva zake zinapeleka habari kweli, nao ubongo unazikuza au kuzipunguza kulingana na unachokitazamia.

Kwa kuogopa shambulio lijalo, wengine humeza parasetamoli ovyo. Anayeinywa siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kupata maumivu mengine ya kichwa yanayoletwa na dawa yenyewe. Hayo tutayachambua juma lijalo.