Binyavanga na neno alilochelewa kumwambia mama

Mzee mwenye heshima akifariki kwa Wabarbaig wa Hanang, msiba hauishii kwenye kufukia kaburi. Hufanyiwa bung'eda: koo hukusanyika, kaburi huinuliwa kwa udongo, na shughuli huchukua miezi. Waliobaki wanapata muda wa kutoa yaliyo moyoni. Mwandishi wa Kenya, Binyavanga Wainaina, hakuupata muda huo kwa mama yake, akajitengenezea kwa kalamu.

Mama huyo, Mganda aliyekuwa na saluni mjini Nakuru, alifariki mwaka 2000 akiugua kisukari. Mwanawe alikuwa Afrika Kusini, na kwa miaka mitano walikuwa hawajaonana. Mwaka 2002 kijana akashinda Tuzo ya Caine ya uandishi wa Afrika, na mwaka uliofuata akawa miongoni mwa waanzilishi wa jarida la Kwani?. Kitabu cha maisha yake kikatoka 2011, lakini mapenzi yake kwa wanaume hayakutajwa.

Januari 2014, akitimiza miaka 43, alichapisha alichokiita sura iliyopotea. Humo yupo Hospitali ya Kenyatta, ameegemeza kichwa kwenye bega la mama aliye mahututi, anamwambia kuwa yeye ni shoga. Kisha anaivunja hadithi yake mwenyewe: hakuwepo. Taarifa ya kifo aliipata kwa simu. Woga na aibu vilikuwa vimemzuia kurudi.

Sheria za Tanzania, kama za Kenya, zinakataza mahusiano ya namna hiyo, na wasomaji wengi wa huku hawatakubaliana naye. Lakini nenda Haydom, Mbulu, kwenye hospitali ya Walutheri iliyoanza 1955. Ndugu wa mgonjwa anayesubiri muda wa kuona wagonjwa, chupa ya uji mkononi, hawazi dawa tu; huenda naye ana neno ambalo hajamwambia mgonjwa. Yupo aliyebadili dini kimyakimya, yupo aliyeficha majibu ya VVU, na yupo ambaye hakuja kabisa.

Binyavanga naye aliugua. Alipata kiharusi, na Desemba 1, 2016, Siku ya Ukimwi Duniani, akatangaza kuwa anaishi na VVU. Alifariki Nairobi Mei 21, 2019, akiwa na miaka 48. Siku tatu baadaye Mahakama Kuu ya Kenya ikakataa kufuta vifungu vinavyoharamisha ushoga.

Mahakama iliulizwa kuhusu Katiba. Hadithi yake inawauliza wazazi: mtoto wako anaficha nini kwa kukuogopa, na je, siku ukilazwa, atakuja?