Sura ya Tatu: Maji Yaliyomo Ndani ya Ubao

Malalamiko ni yaleyale kila ninapokutana na watu wanaojitengenezea samani nyumbani, kuanzia Ganda hadi Kakuyuni, karibu na Malindi. Meza imepasuka katikati. Droo iliyokuwa ikiteleza wakati wa kaskazi haifunguki tena tangu mvua za mwaka zianze. Lawama huangukia gundi, au muuza mbao, au mwezi. Maji hayatajwi, na maji ndiyo yenye makosa.

Tuanze na mwezi, maana bila kumalizana nao hatutafika popote. Husemwa kwamba mti ukikatwa mwezi ukiwa mpevu mbao zake zitabunguliwa, na ukikatwa wakati wa giza zitadumu hadi kwa wajukuu. Si kweli. Mdudu anayegeuza ubao kuwa unga hafuati mwezi, anafuata wanga. Wanga huo umo katika sehemu nyeupe ya nje ya shina, na katika mwembe upo wa kutosha kumlisha yeye na kizazi chake chote. Kiasi chake hubadilika kufuatana na majira ya mti kuchipua, kuchanua na kuzaa. Siku 29 za mwezi hazimo katika hesabu hiyo.

Kwa nini basi imani hii haifi? Kwa sababu anayengoja mwezi ni mtu anayepanga kazi yake. Siku ya kukata mti inapofika, ameshazungumza na mwenye msumeno, ameshatengeneza banda, ana mahali pa kupanga mbao. Gogo lake linapasuliwa siku hiyohiyo. Jirani asiyengoja chochote huangusha mwembe leo, akauacha umelala kwenye majani mabichi wiki tatu, na ukipasuliwa unakuta madoa ya buluu ya ukungu na vitundu vya wadudu. Kazi imefanywa na mikono ya mtu, shukrani zimepewa mwezi.

Uzushi wa pili ni wa mwarobaini. Kwa kuwa majani yake ni machungu, watu huamini kabati la mwarobaini halihitaji kinga yoyote. Sumu inayosumbua wadudu imejaa zaidi katika mbegu. Kiini cha mwarobaini ni kigumu na kinastahimili vyema, lakini ile mbao nyeupe ya pembeni huliwa kama nyingine yoyote. Iondoe. Hata hivyo ni mti ninaoupenda sana, na wachongaji wa Malindi waliuhamia kwa sababu nzito: muhuhu waliouzoea ulikuwa unakwisha msituni. Mihuhu na mibambakofi ya msitu wa Arabuko-Sokoke iachwe isimame. Marufuku ya mwaka 2018 ya kukata miti katika misitu ya umma ilipaswa kutukumbusha sote kwamba mbao nzuri ziko shambani kwetu: mwembe uliozeeka, mwarobaini wa uani, mvinje, mfenesi. Ukiuranda mwarobaini, noa randa kwanza na ukate kidogo kidogo, kwa sababu nyuzi zake zimepishana na hung'oka vipande.

Na oili chafu ya gari ambayo watu hupaka ubao kuzuia mchwa? Haipenyi zaidi ya ngozi ya ubao, inachafua udongo na nguo, na mchwa huizunguka. Tuiache.

Sasa maji yenyewe. Ubao mbichi una maji ya namna mbili: yaliyojaa ndani ya matundu ya seli, na yaliyonywewa na kuta za seli. Ya kwanza yakitoka, ubao hupungua uzito tu. Unyevu ukishuka chini ya kama asilimia 30 ya uzito wa ubao mkavu, kuta zenyewe huanza kutoa maji, na hapo ndipo ubao husinyaa. Lakini hausinyai sawasawa. Kwa urefu karibu hautikisiki. Kwa upana husinyaa, na kufuata mzunguko wa pete za shina husinyaa takriban mara mbili ya vile unavyosinyaa kuelekea kwenye kiini. Tofauti hiyo ndiyo inayoukunja ubao uwe kama kigae cha paa. Si laana, wala si ubaya wa muuza mbao.

Katika hewa hii ya bahari, ubao uliowekwa kivulini hutulia kwenye unyevu wa asilimia 14 au 15 hivi. Nairobi hushuka zaidi, ndiyo maana kabati lililotengenezwa hapa likapelekwa huko huanza kulia usiku kwa kupasuka.

Kukausha hakuhitaji mashine. Pasua mbao mwanzoni mwa kaskazi. Paka rangi ya mafuta kwenye ncha zote mbili siku hiyohiyo, kwa kuwa maji hutoka kwenye ncha upesi mno kuliko kwenye uso, na upesi huo ndio unaopasua. Zipange bandani juu ya matofali, upepo upite chini. Kati ya safu na safu weka vijiti vikavu vya unene wa inchi moja, kila baada ya futi mbili, kijiti cha juu kikae sawa juu ya kijiti cha chini. Kijiti kimoja kikikaa kombo, ubao utapinda papo hapo na hautanyooka tena. Jua lisizipige.

Zitakauka lini? Ile kanuni ya mwaka mmoja kwa kila inchi ilitoka nchi za baridi. Inchi moja ya mwembe hapa huchukua miezi michache. Usikisie: chagua ubao mmoja, uandike namba, upeleke kwenye mizani ya dukani kila wiki na uandike uzito kwenye ubao wenyewe kwa penseli. Namba zitashuka haraka, kisha polepole, kisha zitasimama. Zikisimama wiki tatu mfululizo, anza kazi.

Nilikusudia kuingia kwenye meza hapa, lakini siwezi kuupita mlango wa Lamu. Watalii huambiwa misumari mikubwa ya shaba kwenye milango ya pwani iliwekwa kuzuia tembo wa vita. Ni hadithi ya kuuzia picha, na inawafumba watu macho wasione akili halisi ya mlango. Tazama katikati. Mlango haukufanywa bapa moja pana, bali mbawa mbili nyembamba, kila mmoja ukibeba nusu tu ya kufura na kusinyaa. Kati ya mbawa hizo umesimama mfaa, ule mti uliochongwa nakshi, umeshikamana na ubawa mmoja tu na kufunika mwanya ulio kati yake na ubawa wa pili. Masika mbawa zikifura, husogea chini ya mfaa. Kaskazi zikisinyaa, mwanya hupanuka na hakuna anayeuona. Hakuna bawaba za kupinda. Ubawa huzunguka kwa ncha zake ndani ya matundu ya kizingiti, juu na chini. Fundi aliyebuni kitu hiki hakuupiga ubao misumari usitembee. Aliupa nafasi ya kutembea, kisha akaificha nafasi hiyo chini ya pambo lililo zuri kuliko vyote mlangoni. Mimi naona hakuna kitabu cha useremala kinachofundisha vizuri zaidi, na mlango wenyewe uko barabarani, kuutazama ni bure.

Fanya vivyo hivyo na meza yako. Uso wa sentimita 90 unaweza kuongezeka milimita tano au zaidi kati ya kaskazi na masika. Ukiupigilia misumari kwenye fremu pande zote, lazima kitu kipasuke, na gundi kali itahakikisha tu kwamba kinachopasuka ni ubao. Unga miguu na fremu kwa ulimi na tundu, ukaze kwa gundi. Uso wenyewe usiutie gundi kwenye fremu. Ufunge kwa skrubu kutoka chini: zile za mstari wa katikati zipite kwenye tundu la kawaida, na zile za pembeni kwenye tundu ulilorefusha kwa patasi, kuelekea upana wa meza, milimita tano kila upande wa skrubu. Weka washa pana chini ya kila kichwa, kaza mpaka ishike, kisha rudisha robo mzunguko.