Kifafa: Panya Wametufundisha Nini, na Nguruwe Wanaingiaje



Tukitembelea vikundi kuanzia Kipsongo hapa Kitale hadi upande wa Bungoma, habari ya kifafa haikosi. Mtoto ameanguka shuleni, mama ameungua jikoni, na majirani wamesimama mbali kwa sababu eti mate ya mgonjwa yanaambukiza. Hayaambukizi. Tuanze na hilo, halafu tueleze kinachotokea ndani ya kichwa, maana mtu akielewa haogopi tena kumshika mwenzake.

Ubongo umejaa seli zinazopashana habari. Kati ya seli na seli kuna mwanya mdogo sana, na habari huuvuka kwa kubebwa na kemikali. Ziko nyingi, ila leo tujue mbili tu. Ya kwanza ni glutamati. Hii ni ya kuamsha: ikifika ng'ambo huiambia seli ya pili ifanye kazi. Ya pili ni gaba, nayo hutuliza. Fikirini mkutano wa kikundi. Wapo wa kusema, na yupo mwenyekiti wa kusema “basi, tusikilizane”. Bila wasemaji hakuna mkutano, na bila glutamati mtu hawezi kujifunza wala kukumbuka kitu. Lakini wote wakisema kwa mara moja na mwenyekiti ameshindwa, ni fujo. Kifafa ni fujo ya namna hiyo. Seli nyingi zinawaka pamoja, mwili unakakamaa na kutetemeka, fahamu zinapotea.

Haya yamejulikana kwa sehemu kubwa kupitia panya. Huko Japani kuna mwani wa baharini ambao watu waliutumia tangu zamani kama dawa ya minyoo. Ndani yake mna asidi ya kainiki, ambayo seli za ubongo huipokea kana kwamba ni glutamati. Watafiti wa miaka ya 1970 walipowadunga panya asidi hiyo, panya walipata kifafa, na walipochunguza ubongo wao walikuta seli zimekufa, hasa katika sehemu inayotunza kumbukumbu. Yaani kitu cha kuamsha kikizidi, kinaua. Tena panya aliyepona ile fujo ya kwanza aliweza kukaa siku kadhaa hata majuma akionekana mzima, kisha kifafa kikaanza kumjia chenyewe.

Hapo wazazi wa mtoto aliyewahi kuugua malaria ya kichwa watatega sikio. Mtoto anatoka hospitali, anarudi kucheza, na baada ya muda mrefu anaanza kuanguka. Wanatafuta nani amemroga, kumbe jeraha lilikuwamo. Kilifi, huko Pwani, watafiti walipima maji ya uti wa mgongo ya watoto wenye malaria hiyo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Walikuta asidi ya kwinoliniki, ambayo nayo huamsha seli kama glutamati, na ilikuwa nyingi zaidi kwa wale ambao ugonjwa uliishia vibaya. Hiyo peke yake haithibitishi kwamba ndiyo iliyowaumiza, lakini inaelekea upande ule ule panya walikotuonyesha.

Sasa nguruwe, na hapa vikundi vyenye mradi wa nguruwe visikilize vizuri. Yuko mnyoo anayeitwa tegu wa nguruwe. Mtu akila nyama yenye punje nyeupe ambayo haikuiva, tegu hukua tumboni mwake na kufikia urefu wa mita 2 au zaidi. Mtu huyo akienda haja kichakani, mayai ya tegu hutoka na kinyesi. Nguruwe anayezurura anakula kinyesi hicho na kupata punje katika nyama yake. Mpaka hapo wengi wanajua. Wasichojua ni kwamba binadamu naye akimeza yale mayai, kwa mikono michafu, mboga au maji, hupata punje mwilini kama nguruwe, na nyingine hukaa ubongoni. Kwa hiyo punje za ubongoni hazitoki kwenye nyama, zinatoka kwenye kinyesi cha mtu. Mwaka 1992 madaktari wa New York waliandika juu ya Wayahudi wasiokula nguruwe kabisa ambao walipata ugonjwa huu. Ilionekana mayai yaliingia kupitia wafanyakazi wao wa nyumbani. Basi Mwislamu au Msabato wa kijiji chetu asidhani haimhusu.

Shirika la Afya Duniani linasema mahali tegu huyu ameenea, karibu watu 30 kati ya 100 wenye kifafa wamekipata kwa sababu yake. Busia, jirani zetu, nguruwe wamepimwa na kukutwa na punje. Zamani ilifikiriwa kwamba punje inaleta kifafa kwa kuwasha na kuvimbisha tu. Katika miaka hii ya 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town wameonyesha jambo la kushangaza kidogo: punje yenyewe ina glutamati. Walipoigusisha kwenye vipande hai vya ubongo wa panya, na baadaye wa binadamu, seli ziliamka.

Dawa ipo. Fenobabitali, ya zamani na ya bei nafuu, humpa nguvu yule mwenyekiti, gaba. Shirika hilo la Afya linakadiria kwamba wagonjwa 7 kati ya 10 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata matibabu sawasawa. Lakini dawa ni ya kila siku. Anayeiacha ghafla kwa sababu amepata nafuu anaweza kupata kifafa kisichokatika, na hicho kinaua. Na mwenye kifafa asijinunulie dawa ya tegu dukani. Punje zikifa kwa pamoja ubongoni zinaweza kuleta fujo kubwa zaidi. Aonwe hospitali kwanza.

Mtu akianguka, msogezeni mbali na moto, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni. Ikipita dakika 5 apelekwe hospitali.

Kwa upande wa mradi: nguruwe afungiwe, kila boma liwe na choo kinachotumika kweli (si kile cha kumwonyesha bwana afya), nyama ipite kwa mkaguzi na iive mpaka ndani. Wanunuzi wengine huvuta ulimi wa nguruwe kutafuta punje chini yake kabla ya kulipa. Ni vizuri, lakini nguruwe mwenye punje chache huwa hazionekani ulimini.