MUNGANGA PEKE YAKE HAWEZI KUSHINDA MALARIA

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, mtoto wenu akipata homa munakimbia naye lopitalo. Munafanya vema. Lakini mujiulize: kwa nini homa inarudi kila wakati wa mvua? Munganga anaponya mtoto, lakini hawezi kujaza kila shimo la maji lililo nyuma ya nyumba yenu. Kazi hiyo inataka watu wengine pamoja naye. Jirani zetu wa Zambia walionyesha jambo hili zamani.

Luanshya ni mji wa shaba kama miji yetu, tena hauko mbali na mpaka. Mwaka 1929, mgodi wa Roan Antelope ulipokuwa unajengwa, watu walikufa huko kwa malaria na magonjwa mengine. Wengi waliogopa kwenda kutafuta kazi. Walisema nyoka anakaa ndani ya mto Luanshya na kuua watu. Kompani ilikosa mikono ya kazi, ndipo ikaomba msaada kwa Ross Institute ya London. Akaja Malcolm Watson, munganga aliyekuwa amepigana na malaria huko Malaya tangu 1901.

Kazi ilianza mtoni. Wenye kujua wadudu walitafuta mahali mbu anapozalia. Kuna mbu wa malaria anayependa maji madogo yenye kupigwa na jua: hata alama ya mguu iliyojaa mvua inamtosha. Kuna mwingine anayependa kivuli cha majani kandokando ya mto. Basi ona hatari: ukifyeka majani bila kujaza mashimo, unafukuza mbu mmoja na kumkaribisha mwenzake!

Kwa hiyo maenjenyeri walifanya kazi bega kwa bega na waganga. Mto ulinyooshwa, mabwawa yakakaushwa, mifereji ikachimbwa. Wafanyakazi walifyeka majani. Maji yaliyobaki yalimwagiwa mafuta, nyumba nyingine ziliwekwa nyavu madirishani, na wagonjwa wakapewa kinini. Katika miaka ile ya kwanza DDT haikuwa bado inatumiwa. Mwaka 2001 wataalamu walihesabu upya matunda ya kazi hiyo katika miji ya shaba ya Zambia: ndani ya miaka 3 hadi 5, malaria na vifo vyake vilipungua kwa asilimia 70 hadi 95.

Na sisi? Kongo ni nchi ya pili duniani kwa wingi wa malaria, nyuma ya Nigeria. Tuko na chandarua chenye dawa ya kuua mbu, na dawa za kuponya ambazo watu wa 1929 hawakuwa nazo. Tuzitumie, lakini tusisahau sepetu.

Wewe baba, ulichimba udongo wa kufyatua matofali? Usiache shimo wazi: lijaze kabla mvua haijaanza. Maji ya bomba yakivuja na kusimama, peleka habari kwa wenye kazi ya maji siku ileile. Usitupe takataka ndani ya mfereji. Ukiziba kwako, maji yanasimama kwa jirani. Na usimwage mafuta ya gari ndani ya maji kama walivyofanya wazee wale: yanaua samaki na kuharibu maji ya kunywa.

Wewe mama, lalisha watoto ndani ya chandarua kila usiku, hata wakati wa baridi. Mtoto akiwa na homa, usingoje kesho.

Na ninyi wenye kuchora kampi mpya, muite munganga kabla ya kuweka jiwe la kwanza. Enjenyeri anajua maji yanatelemka upande gani. Munganga anajua maji hayo yakisimama yataleta nini. Mwenye kukaa pale anajua ni njia gani inayojaa maji kila mwezi wa kwanza. Kila mmoja yuko na kipande chake cha ukweli. Mfereji uliochorwa vizuri tangu mwanzo ni bei ndogo kuliko vitanda vya lopitalo miaka yote.

Mkutano wa kartye ukiitwa, nenda, useme unayoyaona nyuma ya lupango lako. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mtu mmoja hamalizi mbu.