Gari au pikipiki ya umeme? Angalia kwanza nani anapanda

Dar es Salaam. Saa 12:30 asubuhi, nje ya mageti ya shule nyingi za msingi jijini hapa, pikipiki hupokezana kushusha watoto. Wapo wanaoshuka wawili, wapo wanaoshuka watatu, wa mbele akiwa amekaa juu ya tangi la mafuta na wa mwisho ameng'ang'ania shati la mwenzake. Mtaani mtindo huo unaitwa mshikaki, na jina hilo huchekesha mpaka siku mmoja anapodondoka.

Katika foleni hiyo zimeanza kuonekana pikipiki zisizotoa moshi wala muungurumo. Zinatumia betri. Mara mojamoja hupita pia gari dogo la umeme lililoagizwa Japan likiwa limeshatumika. Swali lililokuwa la watu wachache sasa limefika sebuleni: familia inayotaka kupunguza gharama ya petroli inunue pikipiki ya umeme, skuta, au ijikaze hadi ipate gari?

Upande wa fedha jibu linapatikana haraka. Upande wa afya linachukua muda, kwa sababu umeme unaondoa baadhi ya madhara ya pikipiki na kuyaacha mengine kama yalivyo. Yanayobaki ndiyo makubwa.

Majirani wamekwishaanza. Nchini Rwanda, tangu Januari 2025, pikipiki mpya zinazosajiliwa kubeba abiria jijini Kigali zinatakiwa ziwe za umeme. Ethiopia ilipiga marufuku mwaka 2024 kuingiza magari ya petroli na dizeli. Nairobi na Kampala kuna vituo ambako dereva anafika na betri iliyoisha, anaiacha hapo na kuondoka na iliyojaa ndani ya dakika chache.

Sh400 kwa siku

Chukua mzazi anayesafiri kilomita 30 kwa siku, kwenda na kurudi. Pikipiki ya petroli ya cc 125 hutembea takriban kilomita 45 kwa lita moja. Lita ikiwa Sh3,000, anatumia kama Sh2,000. Gari dogo la petroli, lile linalokwenda kilomita 12 kwa lita kwenye foleni zetu, litamla Sh7,500.

Pikipiki ya umeme hutembea kati ya kilomita 25 na 30 kwa uniti moja. Kwa mteja wa kawaida wa Tanesco anayelipa takriban Sh356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, safari hiyo ni kama Sh400. Gari dogo la umeme hutembea kilomita sita hivi kwa uniti, kwa hiyo litatumia uniti tano, karibu Sh1,800.

Mzazi aitazame vizuri namba hiyo ya mwisho. Gari la umeme, lenye viti vinne na mikanda, linatembea kwa gharama isiyozidi ya pikipiki ya petroli. Tatizo ni bei ya kulinunua, ambayo ni mara kadhaa ya bei ya pikipiki, na kwa familia nyingi mjadala unaishia hapo.

Kuna jambo jingine kwa wanaolipa umeme wa bei nafuu, wale wanaotumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi. Pikipiki ya umeme inayotembea siku 26 kwa mwezi itaongeza uniti kama 30. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 40 itafika 70 na kubaki kwenye bei yake. Gari litaongeza uniti 130, na nyumba hiyo itahamishiwa kwenye bei ya juu kwa matumizi yake yote, pamoja na taa na friji.

Kinachoondoka

Faida ya kwanza kiafya ni moshi. Moshi wa injini una chembe ndogo ambazo upana wake ni kama sehemu moja ya 30 ya unywele, na hizo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mtoto anaathirika zaidi kwa sababu anapumua kwa kasi kuliko mtu mzima, mapafu yake bado yanakua, na akisimama kando ya barabara pua yake iko karibu na usawa wa mabomba ya moshi. Kwa mwenye pumu, dakika 20 kwenye foleni ya geti la shule zinatosha kumletea kikohozi cha kutwa nzima.

Si kwamba pikipiki ya umeme inampa mpandaji hewa safi. Ataendelea kuvuta moshi wa lori lililo mbele yake, na vumbi la matairi na breki lipo hata kwenye vyombo vya umeme. Aliye ndani ya gari lililofunga vioo ana nafuu. Lakini kila injini inayotoka kwenye foleni ile inapunguza kitu, na Tanzania sasa ina umeme mwingi wa maji kutoka Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, kwa hiyo moshi hauhamishiwi tu kwenye mtambo wa mbali.

Faida ya pili haitajwi sana, ingawa akina mama wanaijua. Ni ekzosi. Mtoto anaposhuka pikipiki upande wa bomba la moshi, ndama ya mguu inagusa chuma cha moto na ngozi inatoka papo hapo. Kidonda cha namna hiyo huchukua wiki kadhaa kupona na mara nyingi huacha kovu. Pikipiki ya umeme haina bomba hilo. (Kwa anayeungua na ya petroli: maji safi yanayotiririka, yasiwe ya barafu, kwa dakika 20. Dawa ya meno na mafuta ya kupikia vibaki kabatini.)

Kinachobaki

Pikipiki ya umeme ina magurudumu mawili. Sentensi hiyo inaonekana ya kitoto, lakini kwenye mazungumzo ya kununua inasahaulika, kwa sababu neno "umeme" linabeba hisia ya usasa na usalama. Mtu anayeanguka kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa anakutana na lami ileile, iwe chombo chake kilikuwa na tangi au betri.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa umri wa miaka mitano hadi 29 duniani. Watu takriban milioni 1.19 hufa kwa ajali hizo kila mwaka, na karibu mmoja kati ya watano kati yao alikuwa kwenye pikipiki au chombo cha magurudumu matatu. Kanda ya Afrika ina kiwango kikubwa cha vifo kulingana na idadi ya watu kuliko kanda nyingine zote.

Kofia ngumu inasaidia, tena sana. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha inapunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini inasaidia ikiwa imefungwa na inamkaa mhusika. Kofia ya baba kichwani kwa mtoto wa miaka sita huzunguka, humziba macho, na siku ya ajali inatangulia kuruka kabla yake. Kipimo ni rahisi: ukifunga mkanda wa kidevuni, vidole viwili tu vipite kati yake na kidevu, na mtoto akitikisa kichwa kofia isihame. Kofia iliyowahi kupata kishindo kikubwa haifai tena hata kama nje haionyeshi ufa.

Kanuni za nchini zinazosimamia pikipiki za abiria zinakataza kubeba mtoto wa chini ya miaka tisa. Wazazi wengi hawalijui hilo, na wanaolijua wanaona halitekelezeki. Sababu yake ni ya kimaumbile. Mtoto ambaye miguu yake haifiki kwenye vikanyagio hana pa kujizuia breki zinapokamatwa ghafla, na mikono yake haina nguvu ya kumshikilia dereva. Akisinzia, na watoto wa saa 11 alfajiri husinzia, anateleza tu.

Skuta za umeme zinapendwa na akina mama kwa kuwa hazina gia, sehemu ya kuweka miguu ni pana na sketi haisumbui. Tatizo ni magurudumu. Nyingi zina magurudumu ya inchi 10 hadi 12, wakati pikipiki ya kawaida ina ya inchi 17 au 18. Gurudumu dogo linazama kwenye shimo ambalo kubwa linalivuka. Kwa barabara ya lami iliyonyooka skuta ni nzuri. Kwa barabara za ndani za mitaa mingi, hasa baada ya mvua, ni kujitafutia kuvunjika mkono.

Kuna pia kasi ya kuondoka. Pikipiki ya umeme haina klachi, na ukizungusha mkono inaitika papo hapo. Hatari kubwa zaidi iko pale inaposimama: ikiwa imewashwa haingurumi, na mtoto akishika usukani na kuuzungusha, inaruka naye. Ufunguo uzimwe kabla mtoto hajapanda na kabla hajashuka, kila siku, hata kama ni kwa sekunde tano.

Ukimya huohuo unawahusu watembea kwa miguu. Watoto wetu wamejifunza kuvuka barabara kwa masikio kabla ya macho. Umoja wa Ulaya tangu Julai 2021 unataka kila gari jipya la umeme litoe sauti likiwa kwenye mwendo mdogo, lakini sharti hilo ni la magari, si la pikipiki. Mtoto anayekwenda shule kwa miguu afundishwe upya kuangalia pande zote mbili, kwa sababu kutosikia kitu hakumaanishi hakuna kitu.

Mjamzito

Kwa mjamzito ushauri hautofautiani kati ya petroli na umeme. Tumbo likishakua, mizani ya mwili inabadilika, na pigo la tumboni, hata la kuanguka kwa mwendo mdogo, linaweza kusababisha kondo la nyuma kubanduka kabla ya wakati. Aliyeanguka aende kituo cha afya siku hiyohiyo hata kama hana jeraha, na asisubiri damu itoke. Ndani ya gari mkanda ufungwe: sehemu ya chini ipite chini ya tumbo, juu ya mapaja, na ya juu ipite katikati ya matiti. Kutoufunga kwa kuhofia kumbana mtoto ni hatari zaidi.

Basi familia ifanyeje?

Kosa ni kutafuta chombo kimoja cha safari zote. Baba au mama anayekwenda kazini peke yake, mwenye leseni na kofia ngumu nzuri, atanufaika na pikipiki ya umeme kuliko chombo kingine chochote kwenye orodha hii. Anayepeleka watoto wawili shule anahitaji kitu kingine, na kama gari halipo, basi la shule, daladala au kutembea pamoja kwa walio karibu ni bora kuliko mshikaki usiotoa moshi. Bajaji ya umeme iko katikati: si imara kama gari, lakini mtoto ameketi ndani na hahitaji kujishikilia kwa nguvu zake.

Aliyekwishapanga kununua gari dogo afikirie la umeme kwa uzito. WHO inasema kiti maalumu cha mtoto kinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga kwa asilimia 71, na kiti hicho hakifungiki kwenye pikipiki ya aina yoyote. Ila betri ikaguliwe kabla ya fedha kutoka. Nissan Leaf, ambayo hupatikana sana ikiwa imetumika, inaonyesha uzima wa betri kwa mistari midogo 12 kwenye dashibodi. Mstari wa kwanza ukipotea, betri imeshapungua kwa takriban asilimia 15. Haina mfumo wa kupoza betri kwa maji, na joto la pwani haliisaidii.

Kuchaji nyumbani

Jiji la New York lilipoteza watu 18 mwaka 2023 katika moto ulioanzishwa na betri za baiskeli na skuta za umeme. Mara nyingi betri zinazolipuka ni za kuungaunga, au zinachajiwa kwa chaja isiyo yake. Na zikishika moto hazitoi nafasi ya kufikiri, kwa hiyo mahali pa kuchajia ni muhimu kama betri yenyewe.

Betri isichajiwe chumba cha kulala wala kwenye korido ambayo ndiyo njia pekee ya kutokea. Ichajiwe watu wakiwa macho. Iliyovimba, iliyodondoka au iliyozama kwenye maji ya mafuriko isiingizwe ndani kabla fundi wake hajaiona. Gari nalo, likichajiwa kwenye soketi ya kawaida, huvuta umeme kama birika la umeme lililowashwa kwa saa mbili au zaidi mfululizo. Nyaya za nyumba nyingi za zamani hazikufungwa kwa kazi hiyo, na soketi inayopata joto mkononi ni dalili ya kumwita fundi umeme.

Kwa wapangaji wanaochangia LUKU moja, mazungumzo na mwenye nyumba yatangulie ununuzi. Mita ndogo ya kupimia uniti za chaji peke yake hufungwa na fundi, na inaokoa ugomvi wa mwisho wa mwezi.