Je, Katapila la Onduparaka Litawaka Tena?

Askari ye yote aliyepata kuhudumu West Nile anajua jambo hili: ukitaka mazungumzo mafupi na mtu wa Arua, mwulize habari za mvua, lakini ukiwa huna haraka ya kurudi kambini, mwulize habari za Onduparaka. Utaletewa kiti, kisha utaletewa chai, nayo zamu yako ya ulinzi yaweza kupita ukiwa bado unaelezwa kwa nini bao lile la miaka kadhaa iliyopita halikustahili kukubaliwa.

Mimi yalinipata hayo mjini Koboko, si Arua kwenyewe. Koboko ni mji wa mpakani, karibu na Salia Musala ambako mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini hukutana, na mtu angedhani kwamba watu wake wana mengine ya kuzungumza. La. Nilimkuta konstebo mstaafu, mzee wa Kikakwa mwenye mvi kichwa kizima, ameketi mbele ya mkahawa pamoja na kijana wa jeshi aliyekuwa nyumbani kwa likizo, na wote wawili wanapanga kikosi cha Onduparaka kwa vizibo vya chupa juu ya meza. Walipoona nimesimama kutazama, mzee akanisogezea kibao.

"Keti, ndugu. Utuamue. Kijana huyu anataka kutuchezesha na walinzi watatu nyuma!"

"Baba, siku hizi ndivyo wanavyocheza," akajibu askari kwa adabu.

"Siku hizi, siku hizi! Mwanangu, goli bado ni lile lile."

Kabla sijaamua lo lote, inafaa nimkumbushe msomaji asiyeifahamu timu hii. Onduparaka ni mahali kando ya mji wa Arua, na klabu yenye jina hilo ilianzishwa mwaka 2011. Uwanja wake ni Green Light, na jina lake la utani ni Caterpillars. Mwenye kupenda atasema huyo ni kiwavi, mdudu alaye majani polepole mpaka mti mzima unabaki vijiti. Mwenye kupenda atasema ni katapila lichongalo barabara. Mimi huchagua katapila timu inaposhinda, na kiwavi inapofungwa. Miaka mitano tu baada ya kuzaliwa, yaani mwaka 2016, klabu hiyo ilipanda hadi Ligi Kuu ya Uganda, na wakubwa wa Kampala wakalazimika kujifunza njia ya kwenda Arua.

Njia hiyo ndiyo habari yenyewe. Kutoka Arua hadi Kampala ni kiasi cha kilomita 480. Ligi ya msimu wa 2016/17 ilikuwa na timu 16, kila moja ikicheza mechi 30, nusu yake ugenini; na karibu wenyeji wote wako upande wa pili wa Mto Nile, wengi wao Kampala na kando kando yake. Mzee aliifanya hesabu hiyo kwa kijiti mchangani: safari 15, kwenda na kurudi, hukaribia kilomita 14,000. "Hata gari la doria halizunguki hivyo," akasema. Mchezaji anashuka katika basi miguu imekufa ganzi, kisha anatakiwa kumkimbiza winga aliyelala kitandani kwake.

Wale waliohudumu huku zamani watakumbuka kwamba kulikuwa na wakati ambapo safari kama hizo zisingewezekana kabisa. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, barabara ya Karuma hadi Pakwach ilipitwa kwa misafara iliyolindwa na jeshi, kwa hofu ya waasi wa LRA. Basi lilingoja mpaka askari wapande, na abiria walisali kila mmoja kwa lugha yake. Huku West Nile nako kulikuwa na waasi wake, mpaka makubaliano ya amani na UNRF II yalipotiwa sahihi wilayani Yumbe tarehe 24 Desemba 2002. Basi piga hesabu: kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 Onduparaka ilipopanda mwaka 2016 alikuwa na miaka sita makubaliano hayo yalipofanywa. Miguu iliyofunga mabao yale ilijifunza mpira wakati wazazi wake walikuwa bado wanasikiliza milio ya bunduki usiku. Askari waliosindikiza mabasi yale, na wengine wao bila shaka wanasoma ukurasa huu, wana sehemu yao katika mabao hayo, ingawa majina yao hayakuandikwa katika orodha ya wafungaji.

Turudi mezani. Msimu wa kwanza wa Onduparaka uliwashangaza wengi, na mshambuliaji aliyevuma kuliko wote alikuwa Muhammad Shaban. Mwaka 2017 akachukuliwa na KCCA ya Kampala, baadaye akavuka bahari ya mchanga hadi Raja Casablanca ya Morocco. Kwa mzee wetu, hapo ndipo mashaka yalipoanza. Klabu ndogo humlea kijana, hufurahi naye msimu mmoja, kisha tajiri hupiga hodi. Huwezi kumzuia, nani atamnyima mtoto riziki? Lakini fedha ya kumwuza mchezaji mmoja huisha kabla hujampata wa kuziba pengo lake. Vizibo vya mezani vilikuwa kumi na kimoja. Mzee alikiondoa kimoja cha mbele, akanitazama bila kusema neno.

Baada ya hapo ugonjwa wa korona ukakatiza misimu miwili mfululizo. Ule wa 2019/20 Vipers walitangazwa mabingwa kabla ya mechi kwisha, na ule wa 2020/21 wakatangazwa Express. Kwa klabu iliyotegemea viingilio vya mlangoni, uwanja mtupu ni sawa na shamba bila mvua. Mwaka 2021 Arua ikapata timu ya pili katika Ligi Kuu, Arua Hill, yenye makao katika uwanja wa Barifa, na kwa misimu miwili mji ukagawanyika kama nyumba ya wake wenza. Nasikitika kwamba raha hiyo haikudumu. Onduparaka ilishuka daraja mwaka 2023. Arua Hill ikaifuata mwaka 2024.

Je, msimu ujao utakuwaje? Hapa mzee na kijana waligawanyika, na mimi nikajikuta katikati kama refa asiye na filimbi.

Kijana anaamini kwamba katapila litawaka. Hoja yake ya kwanza ni vijana wenyewe. West Nile haijapungukiwa wachezaji, asema, nenda St. Joseph's College Ombaci, nenda Mvara, nenda Chuo Kikuu cha Muni jioni yo yote, utaona mpira unachezwa kwa ufundi ambao Kampala wangeulipia. Aliongeza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Mwezi Agosti 2016, mwezi ule ule Onduparaka ilipoanza kucheza Ligi Kuu, kambi ya wakimbizi ya Bidibidi ilifunguliwa Yumbe kuwapokea watu wa Sudan Kusini. Hapa Koboko kuna kambi ya Lobule yenye watu wa Kongo. Mtoto aliyefika akiwa na miaka minane sasa ni kijana kamili, amekulia katika mpira wa mchangani, na miguu yake haijaandikiwa mkataba na mtu. "Tungewatafuta hao, Baba. Nimewaona kwa macho yangu. Kuna mmoja wa mguu wa kushoto, ukimpa nafasi ya unyayo mmoja amekwisha kupita."

Hoja yake ya pili inawahusu wasomaji wa ukurasa huu moja kwa moja. Timu ya Polisi, bingwa wa Uganda mwaka 2005, ilishuka daraja mwaka 2022. Watu wakaicheka. Mwaka 2024 ikarudi. "Kama Polisi walirudi baada ya miaka miwili," akauliza, "mbona sisi tusirudi?"

Mzee, ambaye aliitumikia polisi maisha yake yote na ambaye bila shaka alifurahi moyoni kulisikia jina hilo, alikataa kabisa mfano huo. Naye, kwa maoni yangu, alikuwa na haki. Timu ya Polisi ikianguka, nyuma yake kuna Jeshi la Polisi. UPDF ina jeshi, NEC ina shirika la jeshi, Maroons ina Magereza. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Prisons walitwaa ubingwa mwaka 1968 na 1969, Simba ya jeshi mwaka 1971 na 1978. Na mwaka 1972 Simba hiyo hiyo ilifika fainali ya klabu bingwa za Afrika, ikashindwa na Hafia ya Guinea. Mzee alizitaja tarehe hizo kama mtu ahesabuye watoto wake. Timu yenye taasisi nyuma yake huweza kupoteza msimu mzima na bado jikoni kukawa na moshi. Onduparaka nyuma yake ina nani? Ina mchuuzi wa njugu, dereva wa bodaboda, na mama auzaye enyasa. Hao wana moyo mkubwa kuliko taasisi yo yote, ila moyo haujazi tangi la basi.

Kwa hiyo nikatoa uamuzi wangu, kwa kuwa niliombwa. Mimi siamini kwamba suala la walinzi watatu au wanne ndilo litakaloamua msimu. Nitatazama mambo mengine. Nitatazama kama wachezaji wamelipwa haki yao mwezi wa kwanza, kwa sababu timu inayodai posho hucheza dakika sitini tu. Nitatazama kama yule mlinda lango wa mwanzo wa msimu ndiye atakayekuwapo mwisho wake. Na nitatazama mechi tano za kwanza za nyumbani: timu ya mbali kama hii haiwezi kuishi kwa pointi za ugenini, ni lazima Green Light pawe mahali ambapo mgeni anaridhika kuondoka na sare. Mambo hayo yakienda sawa, naiweka katika nafasi tatu za juu katika mbio za kupanda daraja. Yasipokwenda sawa, naona msimu wa katikati ya jedwali, wenye ushindi mmoja mkubwa wa kusimuliwa na vipigo vingi vya kusahauliwa. Kijana aliniona mwoga. Mzee aliniona mwenye matumaini kupita kiasi.

Kuna jambo moja ambalo mzee alilisema peke yake, kijana alipokwenda kulipa chai. Alisema kwamba hofu yake kubwa si fedha. Ni lango la uwanja. Washabiki wa Arua wanapenda timu yao kwa ukali, na siku refa akikosea, jiwe moja likirushwa linaweza kuigharimu klabu faini au kucheza bila watazamaji, nayo haina uwezo wa kubeba lo lote kati ya hayo. Kisha akaniuliza kama ninaifahamu Ombaci. Nikasema ninaifahamu. Tarehe 24 Juni 1981, watu waliokimbilia misheni na chuo cha Ombaci wakitafuta usalama waliuawa na wanajeshi wa serikali ya wakati huo. Mzee hakulieleza zaidi, wala mimi sikumwuliza. Alisema tu kwamba watu wa umri wake, wakiona magwanda mengi mahali pamoja, tumbo hujikaza hata leo kabla akili haijawaambia kwamba ni siku ya mpira.

"Ndiyo maana nampenda yule sajini wa zamani wa pale Green Light," akaendelea. "Simjui hata jina. Alikuwa akisimama langoni bila kupaza sauti. Mtoto asiye na tikiti alimwinua begani akaona kipindi cha pili. Siku ya ghasia alikwenda kuketi miongoni mwa washabiki wenyewe, fimbo kaiacha garini, akaanza kubishana nao juu ya penalti. Nao walitulia. Utampigaje jiwe mtu mnayebishana naye?"

Kijana akarudi. Nikamwuliza lile swali ambalo nilikuwa nimelihifadhi tangu mwanzo: siku timu ya jeshi itakapokutana na Onduparaka, yeye atashangilia nani?

Alisimama wima kana kwamba yuko gwarideni. "Nikiwa nimevaa sare, nashangilia UPDF, Afande."

"Na ukiivua?"

Alimtazama mzee, akatazama vizibo mezani. "Nitaomba likizo siku hiyo," akasema.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kisha wakawekeana dau: mwisho wa msimu, timu ikipanda, mzee atachinja jogoo wake mwekundu, isipopanda, kijana atamletea radio mpya kutoka Kampala. Mimi nikaitwa niwe shahidi, na mzee akakirudisha kile kizibo cha mbele mahali pake. Kijana alikisogeza kidogo kushoto. Mzee akakirudisha tena.