Rangi yavuruga bei za panga za jeshi la Japani

Upanga wa sajini wa Kijapani wenye nambari zinazolingana unaweza kupita dola elfu moja za Marekani sokoni, mradi muuzaji amshawishi mnunuzi kwamba rangi ya mpini ni ileile ya kiwandani. Ikibainika umepakwa upya, dau linashuka au mteja anaondoka. Hakuna cheti wala mamlaka inayothibitisha rangi hiyo. Kinachouzwa ni neno la muuzaji, na neno hilo limeanza kuchuja.

Kero kubwa iko kwenye aina ya 95 ya panga za masajini, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1935. Panga hizi zilitoka viwandani kwa maelfu. Mpini ulimiminwa kwa shaba hapo mwanzo, kisha kwa aluminiamu, ukapakwa rangi ili ufanane na utepe uliosukwa wa panga za jadi. Rangi ni sehemu ya bidhaa yenyewe, na ikiguswa thamani nayo huguswa.

Dalali mmoja anayeuza katika maonyesho ya vifaa vya kijeshi nchini Marekani, aliyeomba asitajwe, anasema wanaoumia ni wauzaji wakweli. Familia humletea upanga ambao babu alirudi nao kutoka vitani mwaka 1945. Miaka mingi baadaye mzee aliona mpini umechakaa, akaupaka rangi ya nyumba ili autundike sebuleni. Upanga ni halali kabisa: nambari iliyogongwa kwenye bapa inafanana na ile ya kwenye mdomo wa ala, na chapa za ukaguzi wa jeshi zipo mahali pake. Dalali anaandika wazi kwamba umepakwa upya. Wateja wanasoma mstari huo mmoja na kuupita.

Wakati huohuo, anasema, panga bandia kutoka Uchina zinauzwa zikiwa zimechubuliwa kwa makusudi na kupakwa matope ili zionekane kuukuu. Kwa maelezo yake, anayetaja dosari ndiye anayeadhibiwa. Amejaribu kuondoa rangi ya juu kwa dawa, lakini mara nyingi ile ya asili iliyo chini hutoka nayo, ikabaki aluminiamu tupu isiyo na mnunuzi. Sasa haoshi tena.

Namna anavyokagua ni ya kufuatwa. Huanza na skurubu inayoshika mpini. Rangi ikiwa imejaa kwenye mfereji wa bisibisi, au imevuja hadi kwenye kinga ya mkono, brashi imepita baada ya upanga kuunganishwa. Kisha hutazama misuko ya mpini: mkono wa askari ulikwangua sehemu zilizoinuka, uchafu ukajikusanya mabondeni. Rangi inayong'aa kote sawasawa, au iliyolala juu ya mbonyeo wa zamani bila kupasuka, haikutoka kiwandani. Hata hivyo anakiri kwamba rangi mpya haithibitishi ubandia. Huamua kwa chuma na chapa, na rangi huipa nafasi ya mwisho. Wanunuzi wengi huanzia kwenye rangi na kuishia hapohapo.

Wasimamizi wa minada husema wataalamu wao hukagua kila upanga. Huenda ni kweli, lakini masharti yaliyochapwa kwa herufi ndogo nyuma ya katalogi mara nyingi humtwika mnunuzi jukumu la kujiridhisha mwenyewe. Ukaguzi usiobeba dhamana hauna uzito mkubwa kwa mtu aliyekwisha kulipa.

Japani kwenyewe hakuna msaada. Sheria huko husajili panga zilizofuliwa kwa njia za jadi kama kazi za sanaa; za kiwandani hazisajiliki, na kuzimiliki ni kosa. Ndiyo maana soko la panga hizo za kiwandani liko nje. Uingereza ilipata sehemu ya panga za Kijapani baada ya Japani kusalimu amri, makamanda wake walipotaka maofisa wa Kijapani wakabidhi panga zao hadharani. Burma, ambako askari wa King's African Rifles (KAR) kutoka Afrika Mashariki walipigana mwaka 1944, ni mojawapo ya nchi zilikofanyika hafla hizo. Leo sheria ya Uingereza, iliyobanwa mwaka 2008, inazuia kuuza panga zilizopinda zenye bapa la sentimita 50 au zaidi, isipokuwa, miongoni mwa nyingine, zilizotengenezwa kabla ya 1954 au kwa mikono kwa njia za jadi. Huko mtu anayeuziwa bandia hapotezi fedha tu.

Panga za maofisa zina hesabu nyingine. Baadhi yao walibeba panga za ukoo, zilizofuliwa karne kadhaa kabla, ndani ya ala za kijeshi. Hapo ala ikipakwa upya hasara ni ndogo. Thamani iko kwenye bapa na kwenye msuka uliofichwa ndani ya mpini, wenye kutu nyeusi ya miaka mingi na pengine sahihi ya mhunzi. Sahihi nazo zimeghushiwa tangu enzi za masamurai.

Wazee waliopigana Vita vya Pili vya Dunia wanamalizika, na mali zao zinagawanywa. Panga zaidi huenda zikaingia sokoni, nyingi zikiwa zimepakwa na wenyewe. Dalali wetu anadhani zilizobaki na rangi ya asili zitapanda bei, ingawa kwa zilizopakwa haoni nafuu ya karibu. Upanga unaouzwa kwa picha tu hanunui tena, hata ukiwa wa bei ya kutupa, mpaka aushike na kufungua ile skurubu.